Koki Nimeifunga Mimi

Chumba cha mabomba, chini ya hospitali
3 Machi

Mdogo wangu Kifungo,

Nakusalimu wewe na cherehani yako na wateja wako wote wanaosema suruali imebana wakati wao ndio wamenenepa. Mimi mzima. Simu yangu ya tatu imetumbukia kwenye tangi la maji ya moto, kwa hiyo usinipigie, utaongea na mvuke. Tuandikiane kama zamani.

Juzi walimleta mhandisi wa kampuni ya nje, na kompyuta yake, kutafuta maji yanakovuja ghorofa ya pili. Siku mbili anapapasa ukuta kama anamtafuta mchumba gizani. Mimi nikaweka sikio, nikasikiliza, nikamwambia, "Mwanangu, pasua hapa." Akapasua. Maji yakamwosha uso na kompyuta. Kifungo, dada yako ameunga mabomba ya meli tatu, kiwanda cha sukari, na nyumba ya mtu mkubwa ambaye nikikueleza choo chake kilivyo nitafungwa. Shule niliacha darasa la sita, lakini ukuta nausoma.

Sasa nina ombi. Uliniambia daktari wako amekupa viraka vya homoni, unabandika chini ya kitovu, lile joto la ghafla linaisha na usingizi unarudi. Nilikucheka sana, fundi cherehani katiwa kiraka! Leo sicheki. Nitumie vichache. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka arobaini na tisa, nikatoka jasho miaka minne, nikadhani nimemalizana na mambo hayo. Sasa nina sitini na moja na jasho limerudi. Tena safari hii linanishika kwenye ngazi tu, na la baridi. Halafu nikifika juu

____________________

Umeuona huo mstari. Sheria ya mama naikumbuka: barua haiandikwi uongo, lisilosemeka liachie mstari mtupu. Nimeuacha, usinichokonoe.

Na usimwambie mtu. Msimamizi wangu anatafuta sababu ya kuniweka pembeni ili ile kampuni ya kompyuta ichukue mabomba yote. Akisikia nimeumwa hata mafua, kesho nitakuta kufuli mlangoni.

Dada yako,
Bomba

*

Nyumbani, chumba cha kushonea
11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha grisi, nikajua kweli ni wewe.

Viraka ninavyo. Daktari wangu aliniambia si vitu vya kugawana kama sindano za kushonea, kwamba kila mwanamke anapimwa kwanza, anaulizwa umri, presha, na hedhi ilikoma lini. Mimi yangu imekoma miaka miwili iliyopita na nina hamsini na mbili. Wewe ni mwanamke mwingine kabisa, ingawa tulinyonya ziwa moja. Nilikaa siku tatu nikikataa. Siku ya nne nikakumbuka wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha, ukaniambia, "Ukiwa mzito nitakutupa," na hukunitupa. Nimefunga vinane ndani ya gazeti la mitindo.

Lakini mstari mtupu nimeuona na nitauchokonoa. Ukifika juu ya ngazi kunakuwa na nini? Mara ya mwisho uliniachia mstari kama ule ilikuwa shemeji yuko mahututi, na ukanificha wiki mbili.

Mimi pia nina habari. Kliniki yetu wanaandikisha wanawake waliokoma hedhi kwa ajili ya utafiti. Wanachukua damu, wanaangalia homoni, na wanaangalia kama mwili unawaka ndani, na kama hayo yanahusiana na moyo. Nimejiandikisha. Wanatoa chai.

Mdogo wako,
Kifungo

*

Chumba cha mabomba
29 Machi

Kifungo wa dhahabu,

Marahaba, na Mungu akuongezee wateja wembamba. Viraka vimefika! Nimebandika viwili kwa pamoja, maana mimi ni bomba la inchi mbili, huwezi kulipatia maji ya inchi moja. Nakwambia nimekuwa msichana. Jana mpishi mkuu kaniita "mrembo". Alitaka nimzibulie sinki, sawa, lakini neno kalitamka.

Tena nina faida mbili. Muuguzi mmoja hapa aliwahi kusema mwanamke akiwa na homoni zake moyo wake unalindwa. Basi mimi nimejilinda. Nimefunga mkanda, nimevaa kofia ya chuma.

Nimepanda hadi tangi la juu ya paa, ghorofa nne. Nilisimama kila ghorofa kukagua kutu. Zamani nilikuwa sikagui kutu za ngazini, siku hizi nimekuwa makini.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, jino. Nikibeba spana kubwa kupanda nayo, taya la kushoto linauma, maumivu yanashuka shingoni mpaka begani. Nikishuka na kukaa, linaacha. Nikasema hili jino lina adabu mbaya, linajua saa za kazi. Nikaenda kwa mng'oa meno, akalitazama, akasema jino ni zima. Nikamwambia, "Wewe ng'oa, mwenye mdomo ni mimi." Kaling'oa. Lilikuwa zuri jamani, jeupe, ungelitia kwenye pete.

Kesho yake nilipanda tena na spana.

____________________

Bomba, mrembo wa ghorofa nne

*

Nyumbani
6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Keti kwanza. Usisome ukiwa umesimama kwenye ngazi.

Nilikwenda kutolewa damu ya ule utafiti. Daktari anayeuongoza ni mwanamke, ana sauti ndogo na maswali makubwa. Nilimwuliza kama naulizia jirani: mwanamke wa sitini na moja, hedhi imekoma miaka kumi na miwili, amebandika viraka vya mwenziwe viwili viwili, akipanda ngazi anatoka jasho la baridi, na taya linamuuma akibeba mzigo. Dada, yule daktari aliweka kalamu chini. Akasema, "Huyo jirani yako ana dada?" Nikasema anaye. "Basi dada yake amwambie avitoe leo."

Nakuandikia alivyonieleza, kwa maneno ya kwetu. Tukiwa tunapata hedhi, estrojeni inaisaidia mishipa ibaki laini. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka sana. Testosteroni, ile tunayoiita ya kiume, na sisi tunayo, haishuki kwa kiasi hicho, kwa hiyo mizani inageuka. Mafuta yanahamia tumboni, presha inapanda, na mwili unaanza kuwaka ndani kidogo kidogo. Wataalamu wanaita mchochota. Si homa, huusikii. Lakini ukuta wa mshipa unachubuka na mafuta yanaganda pale. Wanachotafuta kwenye utafiti ni vipi hivyo vitu vinashikana, maana alikiri kwamba wao wenyewe bado hawajajua yote.

Wewe utaelewa kuliko mimi. Ni kutu ya ndani, dada. Bomba linang'aa kwa nje.

Viraka si kinga ya moyo. Havikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mtu akivianza baada ya miaka mingi hivyo, bila kupimwa, vinaweza hata kumletea damu kuganda. Na maumivu ya taya yanayokuja ukibeba kitu na kuondoka ukipumzika, alisema kwa wanawake moyo mara nyingi unalia hivyo. Wengine taya, wengine mgongo, wengine uchovu tu. Umeng'oa jino zima, dada. Jino halikuwa na kosa.

Nenda ukapimwe. Unafanya kazi hospitali, jamani! Ni ngazi moja tu kutoka chumba chako!

Na mimi nikiri. Nilipokutumia vinane nilikuwa na vinane. Wiki nne sasa silali vizuri. Nilitaka kukuachia mstari mtupu lakini nimeona tumeachiana ya kutosha. Kosa la kukutumia ni langu.

Kifungo

*

Chumba cha mabomba
14 Aprili

Mdogo wangu,

Kosa si lako. Nilikuomba na mdomo wangu mwenyewe, tena wenye pengo.

Nimekwenda. Nimevaa gauni lile ulilonishonea, la vifungo tisa, ili wasinione mtu wa grisi. Nikapanga foleni kama raia. Daktari aliyenipokea ni kijana, ana kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja aliyoitumia. Nikamweleza jasho, taya, ngazi. Hakuinua kichwa.

"Mama una miaka mingapi?"

"Sitini na moja."

"Hedhi?"

"Ilishaaga."

"Basi mama, hayo ni mambo ya umri. Wanawake mkifika huko mnakuwa na malalamiko mengi. Pumzika, punguza wasiwasi."

Nikamwambia, "Daktari, sina wasiwasi, nina taya." Akacheka! Akaniandikia vidonge vya maumivu. Bomba langu likivuja sicheki, Kifungo. Natafuta.

Kibaya zaidi, kaandika barua kwa msimamizi kwamba kazi za ngazi hazinifai, nifikiriwe kustaafu. Moyo hakuupima, lakini barua kaipima vizuri, ina aya tatu. Msimamizi kanionyesha huku anatabasamu kama mtu aliyeokota noti. Mwisho wa mwezi nikabidhi funguo.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Wasomi wamesema ni umri. Labda wanajua. Mimi darasa la sita nitabishana na nani. Viraka nili

____________________

Jana kwenye ngazi ya ghorofa ya pili

____________________

Usije. Nauli ghali na mimi ni mzima.

Dada yako

*

Nyumbani
19 Aprili

Dada,

Leo sikuamkii. Nimekasirika.

Mistari miwili katika ukurasa mmoja! Na chini umeandika dada yako tu. Bomba kaenda wapi? Bomba ninayemjua mimi alimwambia nahodha wa meli, mbele ya mabaharia wake, kwamba akimwita tena "msichana wa ndoo" ataifungua valvu ya chini waende wote kuoga. Bomba alikaa mlangoni kwa mwalimu mkuu kutwa nzima mpaka wakanirudisha darasani. Nilikuwa na miaka minane. Ulisema, "Siondoki." Neno moja tu, ukalirudia mpaka wakachoka. Mimi nimesoma kwa sababu ya neno hilo, na wewe darasa la sita unalolitaja uliliacha ili mimi niendelee. Usinitumie darasa la sita kama shati la kujifichia.

Nijibu hili. Mteja wako anakwambia ukuta unatoa maji, na wewe unamwambia "nyumba yako kuukuu, punguza wasiwasi", kisha unaondoka. Wewe ni fundi wa aina gani?

Nimekuandikia kwenye karatasi ndogo, ishike mkononi: kipimo cha umeme wa moyo, wanabandika waya kifuani, presha, mafuta kwenye damu, sukari, na kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia. Viraka wavione, waambie ukweli. Ukisikia taya linauma ukiwa umekaa tu, usiandike barua. Piga kelele.

Natoka hapa kwa basi la Jumamosi. Nikikuta hujapimwa nakuja na mkasi, na hujui nitakata nini.

Mdogo wako asiyelala,
Kifungo

*

Wodi ya moyo, kitanda cha dirishani
4 Mei

Kifungo wangu,

Basi lako limeondoka jana na tayari nakuandikia, maana siku zile tisa ulizokaa hapa ulinipa uji na kuninyima kuongea. "Nyamaza, pumzika, nyamaza." Sasa haupo, utanisikiliza. Umesimuliwa na wauguzi, na wauguzi wanapunguza chumvi. Chukua habari kamili kutoka kwa mwenye koki.

Barua yako niliisoma Ijumaa asubuhi. Nikaisoma tena. Nilipofika kwenye "siondoki" nikavaa buti.

Unalijua jengo la wakubwa, lile la vioo. Hakuna mgonjwa mle. Kuna ofisi, ukumbi wa mikutano, na vyoo sita vyenye vigae vya maua nilivyoviunga mimi. Nilihakikisha mara mbili: wodi zina maji, jikoni kuna maji, chumba cha kujifungulia kina maji moto na baridi. Kisha nikafunga koki kuu ya jengo la wakubwa, nikatoa mpini, nikauning'iniza shingoni kwa kamba. Nikatoka na kiti changu, nikakiweka mbele ya mlango wa idara ya moyo, nikakaa. Karatasi yako mkononi.

Siku hiyo walikuwa na mkutano wa wageni. Wageni walikunywa chai nyingi, wabarikiwe.

Saa nne na nusu msimamizi kaja mbio. "Bomba! Ofisi ya mkurugenzi hakuna maji!"

"Najua."

"Kuna nini?"

"Jengo lina umri. Likifika huko linakuwa na malalamiko mengi. Mwambie apunguze wasiwasi."

Kawa mwekundu, kawa wa kijivu. "Utafukuzwa!"

"Mwisho wa mwezi ulishanifukuza. Mtu humfukuzi mara mbili, labda uniajiri kwanza."

Wakamleta yule mhandisi na kompyuta yake. Maskini, alinitazama, akautazama mpini shingoni kwangu, akasema hajui koki iko wapi. Anaijua! Nilimwonyesha mwenyewe. Tangu siku hiyo ni mwanangu wa kumzaa.

Mwisho akaja mkurugenzi mwenyewe, anatembea kama mtu aliyebana kitu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, unataka nini?" Nikampa karatasi yako. Akaisoma yote. Akasema, "Hivi tu?" Nikamwambia, "Hivi tu. Na siondoki."

Hapo ndipo lilipokuja, Kifungo. Nimekaa, sijabeba spana, sijapanda ngazi, taya likaanza. Safari hii likaleta na kifua. Mistari yote mitupu niliyokuachia ilikuwa ni hii: juu ya ngazi nilikuwa nakaa chini nisiweze kupumua, na tarehe kumi na tatu nilianguka ghorofa ya pili, mfuaji mmoja wa nguo akanimwagia maji na nikamwapisha asiseme. Na viraka nilivitoa siku ya kuandika ile barua ya mistari miwili, si kabla. Sasa hakuna mstari unaodaiwa. Safari hii nilifanya ulivyoandika, nilipiga kelele. Sauti yangu unaijua. Hata wageni waliacha kufikiria choo.

Waya kifuani, karatasi ikatoka na milima. Daktari wa moyo ni mama wa makamo, ana mvi na hakuzipaka rangi. Akaniangalia. "Umekuwa ukipanda ngazi na hii?"

"Mpaka kwenye tangi."

"Mshipa mmoja umeziba karibu wote."

Nikamwuliza anaingilia wapi. Akaonyesha kifundo cha mkono. Nikamwambia hapo sawa, hata mimi ningetafuta mlango wa karibu kabla ya kuvunja ukuta. Kapitisha waya, kapuliza kiputo kidogo mle ndani, kaacha kijibomba cha wavu kushikilia njia. Nilikuwa macho, naona kwenye kioo cha mashine! Damu ilipopita nilitaka kupiga makofi, wakanishika mkono. Kifungo, wamenizibua! Kazi safi, haikuvuja. Nimempa mkono yule mama, fundi kwa fundi.

Nilimwuliza kuhusu umri. Akasema ndiyo, umri upo, hedhi ikikoma hatari ya moyo inapanda, na kwangu kulikuwa na presha na mafuta ambavyo hakuna aliyevitazama. "Ndiyo maana tunapima," akasema. Yule kijana wa kalamu tatu naye alilitaja hilo hilo neno, umri, akalifanya kitasa. Jana alikuja kitandani kuniomba radhi. Nilimsamehe kwa sharti moja, awe anainua kichwa. Aliinua. Kumbe ana macho mazuri.

Koki sijaifungua bure. Mkurugenzi alikuja na sura ya huruma, nikamwambia mpini uko chini ya mto na nina maneno. Hospitali hii ina wafagiaji, wapishi na wafuaji, wanawake kumi na tisa wa zaidi ya miaka hamsini, nimewahesabu kwa majina. Wanasukuma vitanda vya watu wanaopimwa, wao hawajapimwa hata presha. Akakubali, akatia saini, nikampa mpini. Wamepimwa tisa mpaka sasa. Watatu wana presha ya kutisha na hawakujua, mmoja wao ni yule mfuaji niliyemwapisha. Mgongo wake ulikuwa unauma miezi sita, akaambiwa ni mabeseni. Naye kalazwa, kitanda cha pili kutoka kwangu. Anakoroma kama pampu. Sauti tamu sana.

Kazi yangu? Ngazi nimeacha. Yule mwanangu wa kompyuta atapanda, mimi nitakaa chini nimwelekeze apasue wapi. Msimamizi hajatabasamu tangu Ijumaa ile.

Sasa zamu yako. Ulinipigania mimi, ukanipa viraka vyako mwenyewe, lakini ule utafiti ulichukua damu yako kwa ajili ya vitabu vyao. Moyo wako wewe nani kaupima? Tumbo lililotuzaa ni moja, na mama alikufa kwenye ngazi ya nyumba yetu akiwa na miaka hamsini na nane. Tulisema ni uchovu.

Hapa chini nimeacha mstari mtupu. Sijaficha kitu. Ni wako. Ujaze siku na saa, urudishe.

____________________

Dada yako,
Bomba, aliyezibuliwa

*

Benchi la kliniki
12 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimekata mstari wako kwa mkasi na kuubandika hapa, umejaa: Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi.

Ndiyo leo. Karani wa mapokezi kaniuliza, "Mama, unaumwa nini?" Nikamwambia siumwi, nimekuja kabla ya kuumwa. Akasema nirudi nikiugua.

Wanawake wawili wa rika letu waliokuwa nyuma yangu walisikia. Mmoja kauliza, "Hivi inawezekana kupimwa kabla?" Nikasogea, nikawapa nafasi kwenye benchi. Sasa tuko watatu.

Karani anatutazama. Nimemwambia sina haraka, nina barua ya kumwandikia dada yangu, fundi bomba, na barua zangu huwa ndefu.

Siondoki.

Kifungo